Kanda ya harusi imetoka na meno ya kitana: niisafishe au nianze upya?

*"Shikamoo mwalimu. Nina kanda tatu za VHS za harusi ya wazazi wangu, Tanga, Desemba 1996. Mwaka huu wanatimiza miaka 30 ya ndoa, na mimi binti yao wa kwanza nimejitolea kutengeneza filamu ya dakika 20 ya kuwaonyesha siku hiyo. Nilipeleka kanda mbili kwenye duka la video, nikarudishiwa flashi yenye faili mbili za MP4, kila moja saa 2 na MB 700. Kwenye simu zinaonekana afadhali. Kwenye TV, watu wakicheza wanatoka mistari kama meno ya kitana, nyuso zimejaa vimiraba, na kufikia mwisho sauti iko nyuma ya midomo kama sekunde 2. Taarifa za faili zinasema 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde. Dukani wanasema nikiongeza pesa watanipandishia iwe 4K. Rafiki yangu anasema niibane upya kwa HandBrake itasafika. Nikiikata kwenye laptop inakwamakwama. Kanda ya tatu sijaipeleka, ina unga mweupe ndani. Nifanyeje?"*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa wazazi.

Nianze na gumu lenyewe, usije ukanisoma hadi mwisho ukiwa na tumaini la bure: filamu usiitengeneze kutokana na faili hizo mbili. Usizifute, zina kazi moja nitakayokuambia mbele, lakini kanda inabidi zinaswe upya. Bahati yako ni kwamba kanda zenyewe bado unazo. Wengi wanaoniandikia walishazitupa walipopewa CD.

Rafiki yako hana nia mbaya. Ameponzwa na neno "kubana". Tukilisikia tunafikiri ni kama kukunja nguo na kuishindilia sandukuni: ukifika safari unaikunjua, ni ile ile ila ina mikunjo. Kubana video sivyo kulivyo. Ni kama mtu aliyekaa kwenye hotuba ya saa 2 akarudi nyumbani kukusimulia kwa dakika tano. Alichokiacha hakimo tena kwenye masimulizi yake. Ukimpa mtu wa pili akusimulie alichosikia kwa wa kwanza, hotuba haiongezeki, inapungua tena. HandBrake ni programu nzuri, naitumia kila wiki, lakini hapo ingekuwa ndiyo huyo msimuliaji wa pili.

Tazama hesabu yake. Picha ya mfumo wa PAL, ule tuliokuwa tukiutumia huku, ikinaswa bila kubanwa kabisa kwa pikseli 720 kwa 576, hula takribani megabiti 166 kila sekunde (megabiti nane ni MB 1), sawa na GB 75 kwa saa. Faili yako ya MB 700 kwa saa 2 haifikishi hata megabiti 1 kwa sekunde, na sauti imo humo humo. Yaani katika kila sehemu 200 imebaki moja. DVD, ambayo leo tunaicheka, inaruhusiwa hadi megabiti 9.8. Hiyo MB 700 nayo haikuanguka kutoka mbinguni, ni ujazo wa CD. Nadhani fundi wako aliipanga hivyo enzi za CD, flashi zikaja, na yeye hakuwahi kurudi kwenye mipangilio.

Sasa, mashine ya kubana huchagua vipi cha kuacha? Mfikirie mama yako amekaa jukwaani, nyuma yake pazia na maua ya plastiki, shoga yake anampepea. Mashine inaandika picha moja kamili. Zinazofuata haiziandiki nzima. Inaigawa picha kwenye vimiraba vidogo na kuandika tofauti tu: pazia ni lile lile, maua ni yale yale, kimiraba chenye ncha ya upepeo kimesogea kushoto kidogo. Kwa tukio hilo hata megabiti 1 inajikongoja. Kisha kamera inageukia uwanjani, wanawake arobaini wamevaa leso za maua na wote wanacheza. Hapo hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa, kila kimiraba kina habari mpya, na kipimo alichokiweka fundi hakitoshi. Mashine inafanya la kufanya: inakipaka kimiraba kizima rangi moja na kusonga mbele. Ndivyo vimiraba unavyoviona usoni. Kanda ya zamani inazidisha balaa, kwa sababu chenga zake hazitulii hata penye ukuta mtupu. Mashine haijui kwamba chenga ni uchafu. Inazihesabu kama mwendo na kuzilisha biti zilizostahili kwenda kwenye uso wa mama yako.

Meno ya kitana ni habari nyingine kabisa, na hayatokani na kubana. TV za zamani hazikuwa zikionyesha picha nzima kwa mkupuo. Ilikuja nusu yenye mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kisha moja ya hamsini ya sekunde baadaye ikaja nusu yenye mistari ya katikati yake. Nusu 50 kwa sekunde, mistari 576, na jicho likaunganisha. Simamisha kanda penye mpiga ngoma: nusu ya kwanza inaonyesha mkono uko juu, ya pili inaonyesha umeshashuka. TV ya kioo cha leo inazibandika zote mbili kwa wakati mmoja, na mkono unaota meno. Kwenye simu huyaoni kwa sababu kioo ni kidogo.

Meno hayo huondoka vizuri tu kwa programu inayojua kuzitenganisha nusu hizo, ila kwa sharti moja: kila mstari uwe umebaki mahali pake. Kwako mistari 576 imeminywa kuwa 480. Kila mstari mpya umekuwa mseto wa mistari ya jirani, nusu ya sasa imekorogwa na ya moja ya hamsini ya sekunde iliyopita, na uji ukishakorogwa huwezi kuurudishia unga. Hiyo 640 kwa 480 ndiyo iliyonifanya nikate tamaa na faili zako, hata kabla ya vimiraba. Halafu zile fremu 30. Fremu ni picha moja nzima, na kanda yako ina 25 kwa sekunde, hivyo programu imerudia moja baada ya kila tano ili zitimie. Angalia kamera inapopita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia: inashtukashtuka kama daladala yenye klachi mbovu.

Kuhusu 4K, usilipe. Picha ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, wakati VHS kwa upana hubeba undani wa mistari 240 hivi. Kuikuza haiongezi kitu ambacho kamera ya 1996 haikukiona. Siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazokisia kilichokosekana, na kwenye majengo au bahari matokeo yake huwa si mabaya. Kwenye nyuso mimi sizitaki. Bibi aliyesimama nyuma ya umati, ambaye uso wake kwenye kanda ni pikseli 20 tu, atapewa nyusi na meno ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Watoto wake wakikaa mbele ya TV watanyamaza, hakuna atakayemtambua.

Sauti kuchelewa kidogo kidogo hadi sekunde 2 ni dalili ya fremu zilizodondoka wakati wa kunasa. Kompyuta ilizidiwa, au kanda iliyumba na kifaa kikapoteza mwelekeo, picha kadhaa hazikuandikwa, lakini sauti iliendelea kuandikwa bila kukatika. Sekunde 2 ni fremu 50 tu ndani ya saa 2. Picha ikawa fupi, sauti ikabaki ndefu. Ingekuwa imechelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo ungeisogeza mara moja ukamaliza. Hii ya kuongezeka unalazimika kuirekebisha kipande kwa kipande.

Basi kanda zinaswe vipi? Ukiamua kufanya mwenyewe, kazi ya kwanza ni kupata deki nzima. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo utaazima kwa mjomba au utanunua iliyotumika. Zile zilizoletwa kutoka Dubai na Muscat miaka hiyo mara nyingi husoma PAL na NTSC, mfumo wa Marekani, nazo ni nzuri kuwa nazo endapo kuna kanda ya shangazi wa Marekani. Kabla hujaingiza kanda yoyote, igeuze uangalie mgongoni, kona ya kushoto: kuna kijino cha plastiki. Kama kipo kivunje kwa bisibisi, deki haitaweza tena kurekodi juu yake hata ukikosea kitufe. Kisha ipeleke kanda mbele hadi mwisho na uirudishe yote, ilegee, maana imelala miaka mingi.

Kifaa cha USB cha kunasia kiwe kile kinachokubali PAL na kutoa 720 kwa 576. Kama deki yako ina tundu la S-Video, litumie badala ya waya wa njano. Usinunue kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI, kwa sababu vingi vinafanya dhambi ile ile ya kukoroga mistari, tena kabla picha haijafika kwenye kompyuta. Kwenye VirtualDub, programu ya kunasia, weka PAL, fremu 25, usiondoe meno wakati huo, na uchague kodeki, yaani njia ya kuandika na kubana video, isiyopoteza kitu kama HuffYUV. Itakula GB 30 hivi kwa saa, kwa hiyo kanda zote tatu zikiwa na saa 2 kila moja uwe na GB 200 wazi kwenye diski. Nafasi ikiwa finyu tumia kodeki ya DV, GB 13 kwa saa, inapoteza kidogo sana. Usirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Zima intaneti, zima kompyuta kujilaza, na usifungue kitu kingine. Programu inaonyesha idadi ya fremu zilizodondoka. Ikianza kupanda simamisha, rekebisha "tracking" ya deki mpaka mistari ya chenga itulie, urudie. Kama inaendelea kuyumba, tafuta DVD rekoda ya zamani upitishe mawimbi ndani yake bila kurekodi. Baadhi, kama Panasonic DMR-ES10, huinyoosha picha iliyopinda kwa namna ya kushangaza.

Utaona pia utepe mwembamba unaochezacheza chini kabisa ya picha. Huo si ugonjwa, ni pale vichwa vya deki vinapopokezana. TV za zamani ziliuficha nyuma ya ukingo wa kioo chao. Utaukata mwishoni.

Kusema kweli lakini, kwa kanda tatu mimi nisingenunua vifaa. Ningemlipa mtu, ila kwa masharti yangu. Nenda na diski yako ya nje mkononi, umwambie: nataka PAL 720 kwa 576, fremu 25, nusu zake zisiguswe, faili isiyopungua GB 13 kwa saa, usiisafishe, usiikuze. Mwombe anase dakika tano mbele yako, uone. Fundi anayeijua kazi atafurahi kwamba kwa mara moja amepata mteja anayejua anachotaka. Akikujibu kwamba "MP4 ndiyo ya kisasa", beba kanda zako uondoke.

Ile kanda yenye unga mweupe ndiyo inayonitia wasiwasi, na hapo sitakuelekeza ufanye mwenyewe. Huo ni ukungu, na joto la Pwani na unyevu wake ni shamba lake. Imulike kwa tochi kupitia kidirisha: kama unga umekaa kwenye kingo za msokoto, kama sukari pembeni ya sinia, usiiingize kwenye deki yoyote, hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Miaka ya nyuma niliingiza moja kwa haraka, nikisema nitaona tu kama inazunguka. Ukungu ulihamia kwenye vichwa, kanda ikakwama ikakunjika, na kanda safi niliyoweka baada yake ikatoka na mkwaruzo wa urefu wote. Mwenyewe wa ile kanda nilimweleza kwa mdomo, si kwa simu. Itie kwenye mfuko unaofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, iwe mbali na zile mbili, na umtafute mtu anayefungua kanda na kusafisha ukungu kwa mashine. Ukikuta kwenu hakuna, isubiri. Kanda kavu iliyotulia inaweza kungoja mwaka mwingine, iliyokatika ndani ya deki haiungiki vizuri. Vivyo hivyo kwa kanda iliyolowa, inayonata, au inayolia ikizunguka.

Sasa kazi ya zile faili mbovu. Zitumie kuchagulia. Kaa nazo kwenye simu na daftari, andika dakika na tukio: 14:20 bwana harusi anazuiliwa mlangoni, 41:05 babu anatoa nasaha, 1:32 kuendelea beni. Ukipata faili mpya unakwenda moja kwa moja panapohusika, na saa 4 za kanda zinakuwa dakika 40 kabla hujafungua programu ya kuhariri.

Laptop ilikuwa inakwama kwa sababu ile ile ya pazia na upepeo. Ukiiomba ikuonyeshe fremu ya 200, haikuandikwa nzima. Inabidi irudi kwenye picha kamili iliyo karibu nyuma na kuhesabu mabadiliko yote hadi hapo, kila unapogusa. Faili kubwa ya HuffYUV kila fremu yake inajitegemea, hivyo haiichoshi kompyuta, mradi diski iwe na kasi. Wengi hushangaa kwamba faili ya GB 30 inakatika vizuri kuliko ya MB 700.

Anza kwa kuondoa meno, na utoe fremu 50 kwa sekunde, usikubali 25. Kila nusu ikiwa fremu yake, ngoma inakuwa na ule mwendo laini tuliokuwa tukiuona kwenye TV. Kdenlive na Shotcut ni za bure na zinatosha. DaVinci Resolve ni nzuri zaidi lakini inataka kompyuta yenye misuli. Mradi uwe 1920 kwa 1080, fremu 50, picha ya kanda ikae katikati kwa umbo lake la 4 kwa 3 na weusi pembeni. Usiivute ijaze kioo. Baba yako alikuwa mwembamba mwaka 1996, muache hivyo.

Kama utachanganya salamu za ndugu waliojirekodi kwa simu, jua kwamba simu haishiki idadi moja ya fremu. Gizani inashusha, kwenye mwanga inapandisha, na programu za kuhariri zinachanganyikiwa sauti ikateleza tena. Hapo ndipo HandBrake ya rafiki yako inapofaa: pitisha kila kipande humo, chagua fremu 50 zisizobadilika, ubora wa juu, ndipo ukiingize kwenye mradi. Wa Muscat na wa London waambie wakutumie WhatsApp kama hati, si kama video. Ikitumwa kama video inabanwa njiani, kama hati inafika ilivyo, hadi GB 2.

Ukimaliza, unabana mara moja tu: H.264, kwa kipimo cha ubora cha 18 hadi 20, sauti AAC. Dakika zako 20 huenda zikatoka kati ya GB 1 na 2. Usishawishike na kodeki mpya zaidi, maana TV za kumbi zetu zingine zina umri. Hapo hapo angalia na flashi: nyingi zimefomatiwa FAT32, haipokei faili moja inayozidi GB 4, na ukiibadili kuwa exFAT TV ya zamani inaweza isiione kabisa. Faili yako itapita bila kubadili chochote. Ijaribu siku moja kabla kwenye TV ile ile ya ukumbini, pamoja na spika zitakazotumika, na usimame nyuma kabisa watakapokaa wazee usikie kama nasaha za babu zinafika.